Bei ya sembe imepanda, lakini wateja wangu wananunua sembe nyingi zaidi: sababu ni nini?

Muuza Nafaka wa Nkuhungu

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaendesha duka dogo la nafaka na vyakula vya kupima hapa Nkuhungu, jijini Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika shughuli hii. Ninauza sembe, dona, mchele, maharage, dagaa, sukari na mafuta ya kupima, pamoja na unga wa mtama na wa uwele kwa kiasi kidogo. Kila jioni kabla ya kufunga ninaandika kwenye daftari kilo zilizotoka na fedha zilizoingia, kwa hiyo ninachokieleza hapa nimekisoma kwenye daftari hilo, si cha kukisia.

Nilipokuwa shuleni tulifundishwa kwamba bei ya bidhaa ikipanda, wanunuzi hupunguza kiasi wanachonunua. Msimu uliopita, kati ya Novemba na Februari, bei ya sembe dukani kwangu ilipanda kwa karibu theluthi moja kwa kuwa mahindi yenyewe yalikuwa yamepanda, nami nikajiandaa kupunguza mzigo. Mambo yakaenda kinyume kabisa. Sembe ilitoka kuliko ilivyotoka Julai na Agosti ilipokuwa rahisi, ilhali mchele, ambao bei yake haikubadilika sana, ulidoda hadi gunia zima likaingia fukusi. Mauzo ya mafuta nayo yalishuka: mama mmoja aliyekuwa akichukua robo lita kila baada ya siku mbili alianza kuniletea kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa, akaniomba nimwekee ya shilingi mia tano.

Jambo la pili linahusu uwele. Nilikulia Mvumi, na wakati huo ugali wa uwele kwa mlenda ulikuwa chakula cha kila nyumba, ilhali sembe ilipikwa akija mgeni. Baadaye kila aliyepata kafedha kidogo aliuacha uwele. Leo wanaouulizia dukani kwangu ni makundi mawili ambayo hayafanani kwa lolote: akina bibi waliotoka vijijini kuja kuishi na watoto wao, na watumishi wanaoegesha magari nje, wanaonunua kilo tano kwa mkupuo bila kuuliza bei. Inawezekanaje chakula kilekile kikawa cha asiyenacho na cha aliyenacho kwa wakati mmoja?

Ninauliza kwa sababu mtaji wangu ni mdogo na mavuno yakianza nitalazimika kuamua niuweke kwenye mahindi, mchele au uwele. Mwenye elimu ya uchumi au uzoefu wa soko naomba anisaidie.

Mwalimu wa Uchumi

Ndugu yangu, nakupongeza kwa kuweka daftari, kwa kuwa bila hilo swali lako lisingewezekana hata kuulizwa. Ninafundisha uchumi kidato cha tano na cha sita, na nitajaribu kukujibu bila kukuchosha kwa michoro.

Kanuni uliyofundishwa ni ya kweli, lakini inabeba mambo mawili ndani yake ambayo shuleni huwa tunayapitia haraka. Bei ya chakula inapopanda, jambo la kwanza linalotokea ni kwamba chakula hicho kinakuwa ghali kikilinganishwa na vingine, na mnunuzi anavutwa kuhamia kwenye vingine. Hiyo tunaiita athari ya ubadilishaji. Jambo la pili ni kwamba fedha yake yote inapungua nguvu, hata kama mshahara haujaguswa, na anakuwa maskini zaidi ya alivyokuwa jana. Hiyo ndiyo athari ya kipato. Kwa bidhaa kama kiberiti, athari ya pili haina uzito, kwa sababu hakuna anayefilisika kwa bei ya kiberiti. Kwa sembe katika nyumba ya kipato cha chini, athari ya pili inaweza kuwa nzito kuliko ya kwanza.

Tuchukue mfano wa mama mwenye shilingi 6,000 za chakula kwa siku. Sembe ikiwa shilingi 1,200 kwa kilo, ananunua kilo mbili kwa 2,400, ananunua nusu kilo ya mchele kwa 1,400, na anabakiwa na 2,200 za mafuta, dagaa, nyanya na mboga. Sasa sembe inapanda hadi 1,600. Akiendelea na ununuzi uleule, sembe na mchele vinachukua 4,600, na mboga inabakiwa na 1,400 tu. Akiuacha mchele na kuziba pengo kwa nusu kilo nyingine ya sembe, anatumia 4,000 na kubakiwa na 2,000 za mboga. Sembe imepanda bei, naye ameongeza sembe, na kwa hali yake ameamua vizuri kabisa, kwa kuwa hata baada ya kupanda, sembe ndiyo inayoshibisha kwa gharama ndogo kuliko vingine vyote.

Wataalamu wanaiita hali hii bidhaa ya Giffen, kwa jina la Robert Giffen wa Uingereza wa karne ya 19, na kwa zaidi ya miaka mia moja wengi waliamini kwamba ipo vitabuni tu. Mwaka 2008 Robert Jensen na Nolan Miller walichapisha utafiti waliofanya China, ambako walizipa familia maskini za mijini punguzo la bei ya chakula chao kikuu. Katika jimbo la Hunan, ambako chakula hicho ni wali, familia zilizopunguziwa bei zilipunguza mchele, kwa kuwa fedha iliyookolewa ilihamia kwenye vyakula vingine. Punguzo lilipoondolewa, ulaji wa mchele ukapanda tena. Kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo ningependa ulizingatie: waliokuwa maskini wa kupindukia hawakuonyesha tabia hiyo, kwa sababu chakula chao kilikuwa tayari ni wali karibu mtupu na hawakuwa na kitoweo cha kupunguza. Walioionyesha ni wale walio juu yao kidogo, wanaoonja nyama au samaki mara mojamoja. Nadhani hao ndio wateja wako.

Kuhusu kipato, kuna kanuni mbili za zamani ambazo Dodoma inazithibitisha kila mwisho wa mwezi. Ya kwanza ni ya Ernst Engel, mtakwimu wa Ujerumani, ambaye mwaka 1857 alitumia bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji kuonyesha kwamba kadiri familia inavyokuwa na kipato kidogo, ndivyo sehemu ya kipato inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Kwetu, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na kati ya hizo shilingi 33,748 ni za chakula peke yake, yaani zaidi ya theluthi mbili. Linganisha na kapu la taifa la kupimia mfumuko wa bei, ambamo chakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28.2. Ndiyo maana tangazo la kwamba mfumuko ni mdogo linaweza kuwa sahihi kabisa, na mteja wako akalisikia redioni asilitambue.

Kanuni ya pili ni ya Bennett, ya mwaka 1941: kipato kikiongezeka, watu hupunguza utegemezi wa vyakula vya wanga na kuhamia kwenye nyama, maziwa, mafuta, mboga na matunda. Kwa maoni yangu basi, sembe ni bidhaa ya Giffen kwa wateja wako wengi, na uwele ni bidhaa duni, yaani inayoachwa kipato kikiongezeka, kwa akina bibi uliowataja. Kwa wale wenye magari sina jibu la haraka.

Dalali wa Mahindi, Kibaigwa

Shikamoo mwalimu. Maelezo yako yamenifungua macho, lakini umeianza hadithi dukani, na mimi naona inaanza barabarani. Umesema bei ilipanda, hukusema kwa nini ilipanda.

Mimi ninashinda soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na mahindi tunayoyapokea yanatoka Kiteto, Kongwa yenyewe, Gairo na kwingineko. Mnunuzi wa Nkuhungu anadhani anashindana na jirani yake. Anashindana na Dar es Salaam, na anashindana na Nairobi. Kenya ina upungufu wa mahindi karibu kila mwaka, na msimu wao ukiharibika, malori ya kuelekea Namanga hujipanga, na nimeshuhudia mara nyingi bei ya gunia iliyotajwa asubuhi ikikataliwa na mkulima saa nne, kwa sababu ameyaona malori hayo kwa macho yake. Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati iwekwe lami, safari ya kwenda Arusha imekuwa fupi, na bei ya huko inatufikia upesi zaidi.

Biashara ya namna hii ina pande mbili na watu huikumbuka ile inayowauma. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ili chakula kibaki nchini, nasi tuliona bei ikiporomoka na mkulima akishindwa kurudisha hata gharama ya mbegu na mbolea. Mwenye duka mjini alifurahi kwa msimu ule. Lakini mkulima aliyeumia hupunguza ekari au huhamia zao jingine, na upungufu unaotokea humrudia mlaji. Machi 2021 Kenya ndiyo iliyofunga mlango, ikidai kwamba mahindi yetu na ya Uganda yana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na ingawa zuio liliondolewa ndani ya siku chache, kwa siku hizo kila mwenye mzigo njiani alikuwa akitafuta wa kumuuzia kwa bei yoyote. Mahindi yaleyale, walaji walewale, bei tofauti kabisa, kwa sababu ya karatasi moja iliyotiwa saini nchi nyingine.

Kwa bidhaa zinazotoka nje hali ni hiyohiyo ikiwa imegeuzwa. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula inaagizwa, na vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, mama anayetuuzia chai hapa sokoni hakupandisha bei ya andazi, alilipunguza mwili. Sisi tuliendelea kununua maandazi mawili kwa bei ileile na tukashangaa kwa nini tunasikia njaa kabla ya adhuhuri. Muuza nafaka, nakuomba ulizingatie hilo katika daftari lako, kwa maana uhitaji unaweza kushuka bila idadi ya wanunuzi kupungua hata mmoja.

Mama Mkulima, Chamwino

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu marahaba. Mimi ni mkulima wa ekari nne, mbili za alizeti, moja ya mahindi na moja ya uwele, na nimesoma majibu yenu kwa makini. Mwalimu, kwa heshima zote, nadhani hesabu yako ni sahihi, ila wateja uliowaweka ndani yake si wote waliokuwa mbele ya mwenye duka.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na ikikatika Februari kwa majuma matatu mahindi yanakauka yakiwa yanatoa mbelewele. Tunavuna Mei na Juni. Mwezi huohuo ada inadaiwa, mkopo wa kikundi unadaiwa, na kila mtu anauza, kwa hiyo tunauza kwa bei ya chini kuliko mwezi mwingine wowote. Ghala likifika Novemba huwa limebaki vumbi. Hapo ndipo sisi tuliouza mahindi tunapoingia mjini kununua sembe, na tunainunua kwa bei ambayo mwenzetu aliyeyahifadhi ameipanga.

Sasa tazameni. Julai mimi si mteja wa duka lolote, kwa kuwa ninakula changu. Januari mimi ni mteja, pamoja na dada yangu na majirani. Mdogo wangu anayeishi Nkuhungu, ambaye Julai mimi humpelekea debe mbili za mahindi ili akasage mwenyewe, Januari simpelekei kitu, naye anaingia dukani. Kwa hiyo bei iko juu na sembe inatoka sana kwa sababu moja inayoyaleta yote mawili: akiba za nyumbani zimekwisha. Ukilinganisha Agosti na Januari utadhani bei kubwa imewafanya watu wapende sembe, kumbe watu wenyewe wameongezeka. Ninaomba mwenye duka alipekue daftari lake upya, aweke upande mmoja wateja wa mwaka mzima na upande mwingine waliotokea Novemba.

Nina jambo la pili, na hili linanigusa. Mwenye duka ameandika kwamba mafuta yameshuka kwa sababu wateja wamebanwa. Kwangu bei ya hayo mafuta ndiyo kipato changu. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda dunia nzima, Indonesia ikazuia kuuza nje mafuta ya mawese kuanzia mwisho wa Aprili hadi karibu mwisho wa Mei, na bei ya alizeti ilitutia moyo hata waliokuwa hawalimi wakalima. Msimu wa 2023 tulipovuna, mafuta ya nje yalikuwa mengi na bei ya alizeti ilianguka vibaya sana. Nilisimama kwenye mashine ya kukamua nikiwa na magunia kumi na moja, nikaambiwa bei, nikakaa chini juu ya gunia kwanza kabla sijajibu. Mwaka ule watoto wangu walikula ugali na mlenda bila tone la mafuta, sisi wenye alizeti, kwa sababu kila lita tuliyoikamua ililazimika kuuzwa.

Kwa hiyo mtu akisema ushuru wa mafuta ya nje upunguzwe ili mlaji wa mjini apumue, anasema kweli kwa upande wa mlaji, na ninamwelewa, kwa kuwa hata mimi ni mlaji. Ila ajue kwamba nikikosa fedha ya alizeti, mwenye duka wa Nkuhungu hatauza mchele kwa mdogo wangu, hatauza sukari, na hata huyo fundi wa cherehani anayenishonea hatanunua kitoweo. Kipato cha mkoa huu kinatoka shambani, na bei inayomfurahisha mmoja inamnyima mwingine fedha ya kununulia.

Muuza Nafaka wa Nkuhungu

Mama, nimefanya ulichoniambia na kimenichukua jioni tatu. Wateja wangu wa mkopo majina yao yapo kwenye daftari la madeni, kwa hiyo niliweza kuwafuatilia kumi na wanne walionunua mwaka mzima bila kukatika.

Nimekuta hivi. Kati ya hao kumi na wanne, watano walipunguza sembe bei ilipopanda, kama nilivyofundishwa shuleni. Watatu hawakubadilika. Sita waliongeza, na wote sita walikuwa wameacha au wamepunguza sana mchele katika miezi hiyo. Nilipowatazama hao sita mmojammoja, wawili ni vibarua wa ujenzi, mmoja anauza mboga, mmoja ni mlinzi, na wawili ni akina mama wanaofua nguo za watu. Wale watano waliopunguza ni wenye mishahara, na nilipochungulia nikaona wamehamia kwenye viazi na ndizi, na mmoja alianza kuchukua maharage mengi zaidi.

Lakini ukijumlisha nyongeza ya sembe ya wale sita, haifiki hata robo ya nyongeza yote iliyoonekana dukani. Iliyobaki ni ya watu ambao majina yao hayamo kwenye daftari la madeni, walionunua kwa fedha taslimu, kilo mbili au tatu kwa safari, na ambao Machi walipungua, mahindi mabichi na maboga yalipoanza kuonekana. Mama umenena kweli, na mwalimu naye hakukosea kwa wale sita.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia. Wanaonunua kidogo kidogo ndio walionilipa bei kubwa zaidi kwa kila kilo. Mwenye kuchukua mfuko wa kilo 25 ninampunguzia. Anayepimiwa nusu kilo analipa bei kamili, kwa sababu mfuko wa kufungia, muda na punje zinazomwagika ni gharama yangu. Nilikuwa nikilijua hilo kama mfanyabiashara, sikuwa nimeliona likiwa limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe kwa miezi minne mfululizo. Nimeamua kwamba msimu ujao vibarua watakaoungana watatu na kununua mfuko mmoja nitawapa bei ya mfuko na kuwagawia hapo hapo dukani.

Mtumishi, Mtumba

Habari zenu. Nadhani mimi ni mmoja wa wale wenye magari, kwa hiyo nijibu la uwele ambalo mwalimu ameliacha.

Nilihamia Dodoma mwaka 2019 ofisi yetu ilipohama kutoka Dar es Salaam, na hadi wakati huo sikuwa nimewahi kula ugali wa uwele. Nilianza baada ya kugundulika nina kisukari na kushauriwa nipunguze sembe iliyokobolewa. Kwa hiyo ninaponunua uwele sitafuti shibe ya bei nafuu, natafuta afya, na kwa jicho la muuzaji hizo ni bidhaa mbili tofauti zilizomo katika gunia moja. Mkinipandishia bei kwa shilingi mia tatu sitaacha. Nitaacha kwa mchanga. Uwele mwingi hupurwa chini, na mara mbili nimeutupa ugali mzima jalalani baada ya kusikia mchanga ukisaga katika meno. Ninayemlipa zaidi ni yule anayeupeta, anauosha, anauanika juu ya turubai na kuusaga siku hiyohiyo, kwa sababu unga wa uwele ukikaa sana unaanza kuchacha na kuwa mchungu.

Kuhusu mshahara, ninaweza kuongeza jambo dogo nililoliona kazini. Julai 2025, kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipopanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, mhudumu wa ofisi yetu alituambia amebadili nini nyumbani kwake. Hakutaja unga kabisa. Alitaja maziwa nusu lita kila siku kwa mtoto, nyama Jumatano pamoja na Jumapili, na mafuta ya chupa badala ya kupima. Naamini hivyo ndivyo alivyosema huyo Bennett.

Mwalimu wa Uchumi

Ninakubali marekebisho ya mama wa Chamwino bila kinyongo. Nilichukua ongezeko zima na kulieleza kwa sababu moja, ilhali nilipaswa kwanza kuuliza kama wanunuzi ni walewale. Bei na kiasi vinapopanda pamoja, jambo la kwanza la kuchunguza ni kama uhitaji wenyewe umehama, na Giffen anakuja mwisho, baada ya mengine yote kuondolewa. Jumatatu nitawasomesha wanafunzi wangu mfano huu wa akiba za nyumbani, kwa kuwa wengi wao wanatoka kwenye nyumba zenye ghala linaloisha Novemba na watauelewa kuliko mfano wowote wa kitabuni.

Nakubaliana pia na ndugu wa Mtumba. Uwele ulikuwa bidhaa duni kwa maana ya kiuchumi, kwamba watu waliuacha walipopata fedha, na kwa kundi jipya umekuwa bidhaa inayoongezeka kadiri kipato kinavyoongezeka. Uduni haumo ndani ya punje. Hata hivyo nina wasiwasi mmoja: wenye magari wakiupandisha bei sana, bibi aliyehamia mjini atalazimika kula sembe ambayo hakuizoea, na tutakuwa tumemnyang'anya chakula chake kwa kukipenda.

Muuza Nafaka wa Nkuhungu

Nashukuru sana. Nitaweka sehemu kubwa ya mtaji kwenye mahindi mwezi Juni na kuyahifadhi kwa ajili ya Novemba, mchele nitapunguza kwa nusu, na uwele nitauza wa namna mbili: uliooshwa na kuanikwa kwenye turubai kwa bei yake, na wa kawaida uliopetwa vizuri kwa bei ya akina bibi. Dalali, ninaomba ushauri wako kuhusu kununua Kibaigwa moja kwa moja.

Dalali wa Mahindi, Kibaigwa

Karibu sana. Usije wiki ya kwanza ya mavuno hata kama bei itakuvutia, kwa sababu mahindi ya wakati huo bado yana maji, na mahindi yenye maji ukiyafungia stoo kwa miezi mitano yatakuotea ukungu. Wenyeji wa Dodoma hatujasahau watu waliopoteza maisha kwa sumukuvu mwaka 2016. Njoo na chupa kavu ya maji ya kunywa na chumvi kavu mfukoni. Chukua kiganja cha mahindi kutoka katikati ya gunia, si juu, yatie kwenye chupa pamoja na kijiko cha chumvi, tikisa kwa dakika moja kisha yaache yatulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mwambie muuzaji ayaanike kwanza. Ikishuka yote chini, tuzungumze bei. Na gunia lisishonewe kilemba cha lumbesa, yaani nyongeza juu ya ujazo wake, lipimwe kwenye mizani mbele yako.